Mkunga wa Ilala na Umri wa Jua

Mwaka wa mwisho kabla hajastaafu, kila aliyekutana na Sista Euphrasia alimuuliza swali lilelile: utafuga nini? Katika kituo chetu cha afya pale Ilala, mtumishi akikaribia miaka sitini watu huanza kumjengea banda la kuku kwa maneno. Mtu wa maabara alimletea karatasi yenye vipimo vya banda. Dereva wa gari la wagonjwa alimwambia kuku wa mayai wanasumbua, bora nguruwe, tena awapeleke kwao Kibosho kwenye hewa nzuri. Aliwasikiliza wote, akashukuru, akaendelea kukunja mashuka. Alikuwa amefanya ukunga kwa miaka thelathini na nne na hakutaka kufuga kitu chochote.

Mimi naitwa Jacqueline. Nilikuwa muuguzi katika kliniki ya wajawazito, na kwa miaka sita nilifanya kazi naye bega kwa bega. Mengi ya haya niliyaona kwa macho yangu, na ambayo sikuyaona alinisimulia mwenyewe tukinywa chai ya saa nne. Akina mama walimwita Mama Evelyn, kwa jina la binti yake anayefanya kazi Mwanza. Alikuwa mfupi, mwenye mikono mipana yenye joto, na wapo wanawake aliowapokea wakizaliwa, wakakua, wakaja kujifungulia kwake. Lakini mwaka ule alikuwa amepoa. Kazi aliifanya vizuri kama siku zote, ila akimaliza alikaa kwenye benchi la nje akitazama ukuta. Ukimuuliza ana nini, anasema hana kitu, na nadhani alikuwa anasema kweli.

Mambo yalianza Jumamosi moja ya Januari, alipokwenda Kariakoo kubadilisha miwani.

Fundi wake alikuwa mtu wa Kilwa anayeitwa Hafidhi, mwembamba, wa miaka hamsini na kitu, mwenye kibanda Mtaa wa Sikukuu kilichobanwa kati ya duka la vitenge na duka la vipuri vya cherehani. Asubuhi hiyo hakuwa kwenye kiti chake. Alikuwa nje, kwenye kijinafasi ambacho jua linapenya kati ya maghorofa, amefunga bomba la plastiki, lile la kupitishia maji, juu ya miguu mitatu ya mbao. Nyuma ya bomba alikuwa ameshika boksi la viatu, na ndani ya boksi ametandaza karatasi nyeupe. Wabeba mizigo walimpita pembeni wakimwambia asogee, naye hasogei. Kwenye karatasi palikuwa na duara la mwanga, kubwa kama kisahani cha chai, na ndani yake madoa matatu meusi.

Mama Evelyn alidhani kioo kimechafuka. Akatoa leso yake ili afute. Hafidhi akamzuia kwa upole, akasogeza bomba kidogo, na madoa yakahama pamoja na duara.

"Huo si uchafu, mama," akasema. "Hayo madoa yako juani kwenyewe."

Alimweleza kwamba doa lile la katikati linaweza kuimeza dunia nzima, na Kariakoo ndani yake pamoja na makontena yote. Akamwonya asithubutu hata siku moja kuweka jicho kwenye bomba na kulielekeza juani. Yeye ni mtu wa macho, amewaona waliopofuka, ndiyo maana jua analimwaga kwenye karatasi. Mama Evelyn alisimama pale mpaka shingo ikamuuma. Aliniambia moyo ulimwenda mbio kama siku ile, akiwa mwanafunzi wa ukunga, alipoweka sikio kwenye ile pembe ya mbao na kusikia kwa mara ya kwanza moyo wa mtoto aliye tumboni. Kitu hiki kilikuwa juu ya kichwa chake kwa miaka hamsini na tisa, na hakuwahi kukiona.

Hafidhi hakusomea mambo hayo chuoni. Alianza kwa sababu ya mwezi mwandamo. Kila mwaka msikitini kwao watu walibishana kama mwezi umeonekana au bado, naye, fundi wa lenzi, aliona aibu kukosa jibu. Akaunganisha lenzi mbili kwenye bomba. Alipouona mwezi kwa karibu, milima yake na mashimo yake, usingizi ulikatika kwa wiki nzima, na tangu hapo akawa anasoma kila anachokipata, kwenye vitabu chakavu na kwenye simu. Wateja walimsikiliza kwa adabu wakisubiri miwani yao. Siku hiyo, akifuta lenzi za Mama Evelyn, alisema kama anavyowaambia wote, kwamba jua ni nyota, na kwamba nyota nazo huzaliwa, hukua, huzeeka na hufa.

Mama Evelyn akaweka mkoba chini.

"Lilizaliwa wapi?" akauliza. "Na tumboni lilikaa muda gani?"

Hafidhi alikuwa amezoea kuulizwa kama dunia itaisha lini. Swali hili hakuwahi kuulizwa. Alivuta kiti cha pili, akamkaribisha akae, akaanza mwanzo kabisa. Akamwambia kuhusu mawingu makubwa ya gesi na vumbi yaliyotanda huko juu, makubwa kiasi kwamba hesabu zinakataa. Kipande cha wingu huanza kujikunja kwa uzito wake chenyewe, kinabanana, katikati panapata joto, joto linazidi, mpaka siku moja moyo wake unawaka na hauzimiki tena. Mama Evelyn alimkatisha mara tatu kutaka kujua kama wingu moja hutoa nyota moja au mapacha. Hafidhi akamjibu kwamba mara nyingi hutoka nyingi kwa pamoja, na nyingine hubaki mbilimbili maisha yao yote. Aliondoka Kariakoo saa saba mchana, miwani mipya usoni, bila vitu vya sokoni alivyokuja kununua.

Jumamosi iliyofuata alirudi, na macho yake hayakuwa na shida yoyote. Alikuja na daftari.

Siku hiyo walitafuta kipimo. Hafidhi alimwambia jua lina miaka bilioni nne na zaidi ya nusu, na litawaka kama linavyowaka leo kwa jumla ya miaka bilioni kumi hivi. Mama Evelyn akasema namba hizo hazimwingii kichwani, ampe namba za binadamu. Basi maisha yote ya jua wakayafanya kama ya mzee aliyekula chumvi nyingi, miaka themanini, wakapiga hesabu nyuma ya karatasi ya kupimia macho. Ikatoka kwamba leo jua lina miaka thelathini na saba. Kisha wakapiga hesabu ya muda wake wa tumboni, kuanzia wingu lilipoanza kujikunja mpaka lilipowaka sawasawa. Hafidhi akaandika, akafuta, akaandika tena, akasema ni miezi mitano, labda na siku chache.

"Miezi mitano," akasema Mama Evelyn. "Kwa hiyo ni njiti."

Hafidhi alicheka mpaka mteja aliyekuwa anajaribu fremu kwenye kioo naye akacheka bila kujua kwa nini. Jumatatu nilipofika kazini Mama Evelyn alikuwa ananisubiri mlangoni, hata kunisalimia akasahau. Akaniambia kwamba jua ni mtoto njiti, na angalia lilivyokua. Nikadhani ana homa. Kumbe nilikuwa sijamwona akichangamka kwa miezi mingi, nikawa nimesahau anavyokuwa.

Jumamosi ya tatu walifika kwenye nyota kubwa. Mama Evelyn alidhani nyota iliyozaliwa na uzito mkubwa ndiyo itakayoishi zaidi, kama tunavyofurahi mtoto akizaliwa na kilo tatu na nusu. Hafidhi akamwambia huko mambo ni kinyume. Nyota ndogo hula polepole, huishi kuliko zote. Nyota kubwa sana hula chakula chake kwa pupa, inang'aa kuliko mia nyingine, na inakufa mapema. Mama Evelyn akauliza mapema kiasi gani, kwa kile kipimo chao cha miaka themanini. Hafidhi akapiga hesabu.

"Mwezi mmoja," akasema. "Siku ishirini na tisa hivi."

Mama Evelyn aliandika namba hiyo kwenye daftari. Kisha akauliza ikifa inaacha nini. Hafidhi akamwambia kwamba inalipuka, na kila ilichokipika tumboni mwake kinatawanyika, na vumbi hilo ndilo linaloingia kwenye mawingu mengine, likazaa nyota nyingine na dunia nyingine. Kwamba chuma kilichomo kwenye nondo za maghorofa yale, na kwenye misumari, na kwenye damu ya kila mtu anayepita Mtaa wa Sikukuu, kilipikwa ndani ya nyota zilizolipuka kabla jua halijazaliwa.

Haya ya siku hiyo hakunisimulia kwenye chai. Alinisimulia tukiwa stoo, tunapanga makopo ya dawa, mlango umefungwa. Aliniambia kwamba kabla ya Evelyn alikuwa na mtoto wa kiume, Tarsis, aliyeishi siku ishirini na sita. Mwaka uliofuata ndipo alipokwenda kusomea ukunga. Nilikuwa nimefanya kazi naye miaka sita na sikuwa najua.

"Tangu wakati huo watu wananiambia alikuwa malaika," akasema, "na mimi nawashukuru, kwa sababu utamjibu nini mtu anayekupa pole? Hafidhi hakunipa pole, wala hajui habari za Tarsis. Ameniambia tu kwamba wapo wanaoishi mwezi mmoja, na walichoacha tunatembea nacho sote."

Alifuta macho kwa mgongo wa mkono. Alikuwa ameshageukia rafu ya juu, sauti yake imebadilika, akaniambia nimteremshie makopo ya vidonge vya damu, amepata namna ya kuwaeleza akina mama.

Vidonge hivyo vilikuwa vita yetu ya kila siku. Ni vya madini ya chuma, kila mjamzito anapewa, na wengi hawavimezi. Vinawatia kichefuchefu, vinafanya choo kiwe cheusi, vinaacha ladha ya msumari mdomoni. Tulikuwa tunavikuta vimetupwa kwenye mitaro na nyuma ya choo. Kila asubuhi kabla ya vipimo tulitoa somo, nasi tulilisema somo hilo kwa namna ileile mpaka tukalala nalo sisi wenyewe. Miongoni mwa akina mama wa mwezi ule alikuwapo Leticia, muuza viatu vya mtumba pale Mchikichini, mwenye mimba ya nne. Uzazi wake wa tatu alivuja damu karibu tumpoteze. Sasa wingi wa damu yake ulikuwa nane pointi moja, wakati mjamzito anatakiwa afike kumi na moja, na vidonge alikuwa anavitia kwenye kiatu kimoja kilichokosa mwenzake, alikuja kukiri baadaye.

Asubuhi hiyo Mama Evelyn alisimama mbele ya mabenchi, akasema leo hatazungumzia matembele na mboga nyingine za kuongeza damu. Akawasimulia wingu. Akawasimulia mimba ya jua na unjiti wake, na nyota kubwa zinazokula kwa pupa, na jinsi zinavyokufa. Wanawake waliokuwa wanachezea simu wakaacha. Kisha akainua kidonge kimoja kati ya vidole viwili, akasema kilichomo humu kilipikwa ndani ya nyota, na kwamba mtoto aliye tumboni anakidai kila siku, na asipokipata kwenye kidonge anakichota kwenye damu ya mama yake.

Leticia akanyoosha mkono, akauliza jua lenyewe lina umri gani kwa sasa.

"Wako," akasema Mama Evelyn. "Thelathini na saba."

"Na kila siku linaamka?"

"Kila siku."

"Basi sista, nipe hivyo vidonge. Siwezi kushindwa na mwenzangu."

Benchi zima likacheka. Siku hiyo, kwa mara ya kwanza tangu niajiriwe, akina mama ndio walioomba vidonge kabla hatujawagawia.

Furaha yetu haikufika wiki. Katika mji huu neno nyota lina wenyewe. Kila nguzo ya umeme imebandikwa tangazo la mganga kutoka mbali anayesafisha nyota, anayerudisha mpenzi, anayefungua riziki. Ilipofika Alhamisi, Ilala nzima ilikuwa na habari kwamba pale kliniki kuna nesi anayesafisha nyota za wajawazito. Wakaja wasichana wawili wasio na mimba, wamevaa vizuri, wakaniuliza kwa sauti ya chini kama huduma hiyo inatolewa siku gani. Ijumaa akaja Bibi Hyasinta.

Bibi Hyasinta alikuwa mama mkwe wa Leticia, mwanamke wa Songea, mwenye miaka themanini na mgongo ulionyooka, kiongozi wa jumuiya yao ya Kikatoliki. Mwanawe Beno alikuwa kitinda mimba, na mjukuu huyu alikuwa anamsubiri kwa hamu. Alikwenda moja kwa moja kwa mganga mfawidhi, yaani mkuu wa kituo, Daktari Elimringi, akaweka mezani mfuko wa vidonge vya Leticia, akasema mjukuu wake hatalishwa uganga.

Daktari Elimringi alikuwa bado kijana, mtu mwangalifu aliyeogopa sana malalamiko. Alimwita Mama Evelyn, nami nilikuwapo kwa sababu nilikuwa nimepeleka rejista. Akamwambia kwa heshima kwamba amebakiza miezi mitano, amalize kwa amani, mambo ya nyota ayaache nyumbani. Nilitegemea aseme sawa daktari, kama alivyosema siku zote.

"Daktari, nimewaambia wameze vidonge kwa miaka thelathini na nne," akasema. "Safari hii ndiyo ya kwanza wananiuliza maswali."

Kisha akaomba nusu saa. Alhamisi ijayo, uani, mchana kweupe, aje mtu na kifaa chake kila mtu aone kwa macho. Daktari akauliza kama kuna ubani au maneno ya kusoma. Mama Evelyn akajibu kwamba kuna bomba la maji na karatasi. Daktari akafikiri, akakubali kwa sharti kwamba yeye mwenyewe atasimama pale, na Bibi Hyasinta aalikwe akae mbele.

Alhamisi hiyo ilikuwa ya Machi na masika yalikuwa yameanza kunusa mji. Tangu alfajiri wingu jeusi lilitanda upande wa Jangwani. Hafidhi alifika saa tatu na nusu, amefunga duka, amevaa shati jeupe lililopigwa pasi na kofia safi, bomba begani. Uani walijaa wanawake wapatao hamsini, na watumishi wote waliopata udhuru wa kupita. Bibi Hyasinta alikataa benchi, akaletewa kiti.

Ilipofika saa nne hapakuwa na jua. Hafidhi, aliyezoea kuzungumza na mteja mmoja mmoja, alianza kueleza kwa sauti ndogo na watu wakaanza kupiga soga. Robo saa ikapita. Daktari akatazama saa yake. Nikaona mikono ya Mama Evelyn inashikana na kuachana, kisha akatoka mbele, akasimama kando ya bomba, akanyoosha kidole juu. Akawaambia wasililaumu wingu hilo, kwa sababu hata jua lilitoka kwenye wingu. Hafidhi, kwa kuwa ni mtu wa kweli, akadakia haraka kwamba si wingu la mvua, ni wingu la namna nyingine, na kubwa kuliko hili mara zisizohesabika. Watu wakacheka kwa jinsi alivyohangaika kumsahihisha, na soga zikaisha. Wakaanza kumuuliza, naye akaanza kujibu, na sauti yake ikakua.

Saa nne na dakika ishirini na mbili wingu likaachana. Najua kwa sababu nilikuwa natazama saa kama mtu anayesubiri mtoto alie. Mwanga ukaanguka uani wote kwa mpigo mmoja, Hafidhi akaruka kwenye bomba, akageuza, akatafuta, na kwenye karatasi pakatokea duara. Lilikuwa na madoa matano. Moja lilikuwa kubwa, lina kivuli cha kijivu pembeni, unaweza kuliona hata ukiwa umesimama nyuma.

Watu wote uani wakasimama kwa pamoja.

Sijawahi kuona foleni ya namna ile pale kituoni, watu wanasukumana na kucheka, matumbo yanatangulia, simu zimeinuliwa. Leticia alikuwa wa kwanza. Aliinama kadiri tumbo lilivyomruhusu, akatazama mwenzake wa miaka thelathini na saba, akasema kumbe naye ana madoa usoni kama yeye na mimba hii. Mtu wa maabara alitazama mara mbili. Daktari Elimringi alisogea hatua moja, kisha nyingine, mwishowe nikamsikia akimwomba Hafidhi ampe boksi alishike kidogo, na hakulirudisha mpaka alipoombwa.

Bibi Hyasinta alikwenda wa mwisho. Kabla ya kutazama alimuuliza Hafidhi nani aliyeliwasha.

"Mungu, bibi," akasema Hafidhi. "Mimi nafuatilia tu linavyowaka."

Jibu hilo alilikubali kwa kichwa. Akainama, akapitisha kidole juu ya karatasi, na kivuli cha kidole chake kikapita juu ya jua. Alitazama muda mrefu kuliko wote. Kisha akauliza kwamba kama leo lina miaka thelathini na saba, litakuwaje likifika umri wake yeye, themanini. Hafidhi akamwambia hapo ndipo litakapoanza kuvimba. Litakuwa jekundu, kubwa kuliko sasa mara mia na zaidi, limeze hata sayari zilizo karibu nalo. Baadaye sana litajivua ganda lake na kubaki kijiwe cheupe kinachopoa polepole, kama pasi iliyochomolewa kwenye umeme.

"Kwa hiyo uzee wake si wa kunywea," akasema Bibi Hyasinta.

"Hapana, bibi. Kwanza linakuwa kubwa."

Alinyooka. Akageuka kumtafuta Daktari Elimringi, akamuuliza mfuko wake wa vidonge uko wapi. Daktari akaenda kuuchukua ofisini mwenyewe, kwa mwendo wa haraka ambao hatukuuzoea kwake. Bibi akamkabidhi Leticia mbele ya watu wote, na kuanzia siku hiyo, Leticia alituambia, ilikuwa afadhali kusahau chakula kuliko kusahau kidonge katika nyumba ile.

Aprili damu ya Leticia ilifika tisa na nusu. Mei ilifika kumi na moja. Nilirudia kipimo nikidhani mashine imekosea.

Alijifungua Jumapili moja ya Juni, saa nane mchana, mikononi mwa Mama Evelyn. Alikuja mtoto wa kike, kilo tatu na gramu mia mbili, akalia kabla hajatoka mabega. Tukafurahi, kisha damu ikaanza kumwagika. Ilikuja kama ile ya uzazi uliopita. Nilipiga sindano, nikafungua dripu, Daktari akaja mbio, na Mama Evelyn akaweka mikono yake ile mipana juu ya tumbo la Leticia, akakanda na kukanda, jasho linamdondoka puani. Dakika zile sizijui zilikuwa ngapi. Ghafla akasema, "Umekaza." Mji wa mimba ulikuwa umekuwa mgumu chini ya kiganja chake, na damu ikakatika.

Alikuwa amepoteza nyingi. Daktari alitazama kilichomwagika, akatazama kadi yake ya kliniki, akasema taratibu kwamba kwa ile damu ya Februari, sasa hivi tungekuwa tunaongea habari nyingine. Jioni Leticia aliketi, akanywa uji wa pilipili manga vikombe viwili, na kule nje Bibi Hyasinta alikuwa ameshampigia simu kila mwanajumuiya.

Mwisho wa Julai tulimuaga Mama Evelyn. Tulimpa vitenge na saa ya ukutani, na dereva akasimama kuhutubia kuhusu nguruwe. Zamu yake ya kusema ilipofika, alisema kwamba hatafuga. Ameongea na Hafidhi, wataanza kuzunguka shule za msingi, siku mbili kwa wiki. Hafidhi atabeba bomba, na yeye atasimulia mimba na uzazi, kwa sababu sehemu hiyo Hafidhi huifupisha mno. Watu walicheka, wengine kwa kudhani ni mzaha.

Mpaka naandika haya wameshafika shule kumi na moja. Wiki iliyopita walikuwa Buguruni. Mama Evelyn alinipigia simu jioni, nikiwa naosha vyombo, na alikuwa anaongea kwa kasi mpaka nikalazimika kumwambia apumue. Msichana mmoja wa darasa la tano alikuwa amesimama na kuuliza: kama kila nyota inazaliwa kwenye vumbi la nyota zilizokufa, je, ile ya kwanza kabisa ilizaliwa kwenye nini? Hafidhi alimjibu kwamba zile za kwanza zilitokana na gesi tupu, nyepesi, hazikuwa na chuma hata chembe. Msichana akauliza nani aliziona. Hafidhi akasema hakuna. Watu wanazitafuta kwa mitambo mikubwa kuliko shule hii, na mpaka leo hakuna aliye na hakika kwamba ameiona hata moja.

"Hata moja, Jacqueline," Mama Evelyn aliniambia, na nyuma yake nikasikia Hafidhi anamwita, gari limefika. "Yaani hiyo kazi bado ipo."